Whitby: Kupiga Hema Kando ya Mji wa Wavuvi

Katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, mahali ambapo mto Esk humimina maji yake katika Bahari ya Kaskazini, upo mji uitwao Whitby. Si mji mkubwa. Wakazi wake ni kama 13,000 tu, nao mto umeukata mapande mawili. Upande wa mashariki ni mji wa kale, wenye vichochoro vyembamba na mapaa ya vigae vyekundu yaliyoegemeana. Upande wa magharibi ni mji wa wageni, wenye majumba marefu yaliyojengwa katika karne ya 19 kwa ajili ya watu waliokuja kupunga upepo wa bahari. Pande hizo zimeunganishwa na daraja la chuma lililojengwa mwaka 1908, ambalo hugeuzwa kando kila chombo kinapotaka kupita, na waendao kwa miguu hulazimika kungoja. Siku za kiangazi wangojao huwa wengi mno, hata mtu aliyefika sasa hivi angedhani pana mkutano wa hadhara.

Habari za Uingereza zinazotufikia sisi watu wa Afrika ya Mashariki aghalabu ni habari za London: saa kubwa, mto Thames na jumba la mfalme. Makala haya yanahusu mji wa pembeni, na namna moja ya kuutembelea, yaani kwa hema. Nimelichagua hema kwa sababu jambo la mahali pa kulala katika mji huu si dogo kama lionekanavyo, nalo nitalieleza kwa mahali pake.

Kwetu hema ni la askari, la mpima ardhi, la mkimbizi, au la mtalii wa mbugani. Mtu mwenye mshahara wake, mwenye nyumba yenye paa na mlango, kwenda kulala chini ya kitambaa kwa hiari yake na kulipia, ni jambo la kuchekesha. Lakini Waingereza wamelifanya desturi kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1901 waendesha baiskeli wachache waliunda chama chao cha kupiga kambi, wakiongozwa na mshona nguo mmoja aliyeitwa Thomas Hiram Holding. Huyo alibuni mahema mepesi ya kufungwa juu ya baiskeli, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha kuwafundisha wengine. Nia yao ilikuwa kwamba hata mtu asiye na fedha za hoteli aweze kuona nchi yake.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba unaweza kutia kigingi popote upendapo. Kila shamba na kila kilima kina mwenyewe, na bila ruhusa yake hulali hapo. Ni sehemu za nyika ya Dartmoor tu, mbali huko kusini-magharibi, ambako umma una haki ya kulala bila kuomba, na hata haki hiyo ilibidi ithibitishwe na Mahakama ya Juu mwaka 2025. Kwingineko mtu huenda katika kiwanja cha kambi, akalipa kwa usiku, akapewa nafasi yake ya majani, bomba la maji, choo na bafu.

Kambi niliyofikia ilikuwa juu ya jabali upande wa mashariki wa mji, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ulikuwa mwezi wa Juni. Mwenye kutaka kufuata njia hii na aweke akilini mambo machache ya nyumbani. La kwanza ni upepo. Bahari ya Kaskazini haina adabu ya kaskazi na kusi zetu, ambazo mtu hujua zitaanza lini na zitakoma lini. Upepo wake hubadilika kabla chai haijapoa. Basi mlango wa hema usiuelekeze baharini hata kama huko ndiko kwenye mandhari nzuri, na vigingi uvipigilie kwa kuvilaza, vichwa vyake viangalie mbali na hema. La pili ni baridi itokayo chini. Watu hujirundikia mablanketi juu ya mwili, kumbe ardhi ndiyo inayowanyonya joto. Mkeka mzito au godoro jembamba la kukunja lina faida kuliko blanketi la tatu. La tatu, usipike ndani ya hema. Moto ni hatari, na hewa ya jiko katika nafasi iliyofungwa huua mtu amelala.

Jambo la nne ni mchana wenyewe. Mwezi wa Juni jua huchomoza huko kama saa kumi na nusu alfajiri, na halitui mpaka saa nne kasorobo hivi usiku. Mwislamu atakayekuwa huko atasali Magharibi wakati watoto wa kwetu wameshalala, na Isha itamsumbua. Lakini kuna malipo yake. Pwani ya Whitby imeelekea kaskazini, ingawa mji wenyewe uko upande wa mashariki wa nchi, na kwa hiyo katika siku zile ndefu mtu aliyesimama mahali pamoja huliona jua likitoka baharini asubuhi na kuzama baharini jioni. Sijui mahali pengi ambapo jambo hilo huonekana.

Kutoka kambini, njia ya miguu yafuata ukingo wa jabali hadi mjini. Ni sehemu ya njia ndefu iitwayo Cleveland Way, yenye urefu wa kilomita 175 hivi, iliyofunguliwa mwaka 1969. Kushoto ni mashamba ya kondoo. Kulia ni bahari, chini sana. Mbele yako husimama magofu ya nyumba ya watawa, kuta ndefu zisizo na paa, madirisha yenye anga ndani yake.

Mahali hapo pana historia nzito. Mwaka 657 mfalme Oswiu wa Northumbria alianzisha nyumba ya watawa hapo, akamweka mwanamke aitwaye Hild kuwa mkuu wake, juu ya wanaume na wanawake waliokaa humo. Mwaka 664 mkutano mkubwa wa kanisa ulifanyika kwake. Shida iliyowakutanisha haitakuwa ngeni kwa msomaji wetu: ilikuwa hesabu ya mwezi. Wakristo waliofuata desturi ya Waayalandi na wale waliofuata desturi ya Roma walikuwa na hesabu mbili za Pasaka, hata ikatokea kwamba mfalme anasherehekea sikukuu na malkia wake bado amefunga. Sisi tuliozoea kuona mtaa mmoja ukisali Idd leo na mtaa wa pili kesho tutaelewa kwa nini mfalme alichoka. Aliamua wafuate Roma, na Uingereza nzima ikaelekea huko.

Katika nyumba hiyo hiyo aliishi mchunga ng'ombe jina lake Cædmon. Habari zake ziliandikwa na mtawa Bede. Katika karamu, kinubi kilipokuwa kikipita mkono kwa mkono ili kila mmoja aimbe, huyu mchungaji alikuwa akiondoka kimya kimya kabla zamu yake haijafika, kwa kuwa hakujua kuimba. Usiku mmoja alipolala zizini akaota anaamriwa aimbe, naye akaimba. Ndiye mshairi wa kwanza wa lugha ya Kiingereza ambaye jina lake lajulikana. Malenga wetu na wajue kwamba mwenzao wa kwanza huko alikuwa mtu wa zizini.

Nyumba ya Hild iliharibiwa na mabaharia wa Skandinavia katika karne ya 9. Magofu tuyaonayo ni ya jengo la baadaye, lililofungwa kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane mwaka 1539, na tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Kijerumani zikaongeza mashimo yao. Lakini adui wake mkubwa leo ni bahari. Jabali lamomonyoka. Kando ya magofu kuna kanisa la Mtakatifu Maria na makaburi yake, na baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2012 ardhi iliporomoka, mifupa ya watu waliozikwa zamani ikaonekana katika udongo wa ukingo.

Kutoka kanisani hushuka ngazi 199 za mawe hadi mji wa kale. Kila mgeni huzihesabu, na kila mmoja hupata idadi yake. Mahali kwa mahali pamewekwa mabenchi. Hapo zamani wachukuzi wa jeneza walipumzikia hapo, maana maiti nao walipandishwa kwa ngazi hizo hizo.

Chini, katika maduka madogo, huuzwa vito vyeusi vya jeti. Jeti si jiwe hasa, bali ni mti uliogeuka kwa kulala chini ya bahari na udongo, miti ya jamii ya araukaria ya miaka kama milioni 180 iliyopita. Mume wa Malkia Victoria alipokufa mwaka 1861, malkia alivaa msiba mpaka naye alipokufa mwaka 1901, na wanawake wa taifa zima wakamfuata. Mji ukapata kazi kwa kuwauzia watu huzuni. Mtindo ulipokwisha, na kazi ikapungua.

Karibu na hapo ni nyumba ya mwenye meli John Walker, ambako kijana James Cook aliingia kazini mwaka 1746 kujifunza ubaharia. Sasa ni makumbusho. Cook ndiye aliyezunguka Pasifiki na kuchora ramani zake. Wenyeji wa visiwa hivyo wana hesabu yao tofauti juu yake, na wa Hawaii walimwua mwaka 1779. Kilichonivutia mimi ni merikebu zake. Endeavour, aliyosafiria mwaka 1768, iliundwa Whitby kwa kubeba makaa ya mawe. Tako lake lilikuwa bapa, ili maji yakipwa iweze kukaa juu ya mchanga bila kupinduka, ikashusha shehena na kungoja maji yajae. Mtu wa pwani yetu aliyepata kuona jahazi limekaa mchangani hahitaji kuelezwa zaidi akili ya jambo hilo.

Sasa nije kwenye bahari yenyewe, kwa maana Whitby bila watu waliozama haieleweki. Tarehe 9 Februari 1861 dhoruba ilipiga pwani yote ya mashariki. Mashua ya uokozi ya Whitby, yenye watu 13, ilitoka mara tano siku hiyo na mara zote tano ikarudi na watu walio hai. Ilipotoka mara ya sita wimbi likaipindua, watu wa mji wakiwa wamesimama gatini wanatazama. Walikufa 12. Aliyepona alikuwa mmoja, Henry Freeman, naye peke yake ndiye aliyekuwa amevaa koti la kuelea la namna mpya lililoshonewa vipande vya kizibo. Freeman hakuiacha bahari. Alikuja kuwa nahodha wa mashua ya uokozi, na idadi ya watu aliosaidia kuwaokoa katika maisha yake yapita 300.

Hapo chini ya jabali, karibu na kambi za leo, ndipo ilipovunjika meli Rohilla usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1914. Ilikuwa mali ya British India, kampuni ile ile ambayo meli zake zilijulikana sana Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Wakati huo ilikuwa imefanywa meli ya hospitali, nayo ilikuwa njiani kuwachukua majeruhi wa vita kutoka Ufaransa. Ilikuwa na watu 229. Kwa sababu ya vita taa za pwani zilikuwa zimezimwa, na meli ikapanda mwamba wa Saltwick, mita mia chache tu kutoka nchi kavu. Mita hizo zilichukua siku tatu. Watu wa mji waliiburura mashua moja juu ya ukuta wa gati na juu ya mawe hadi mbele ya meli. Ikaenda mara mbili, ikaokoa watu 35, ikavunjika. Mashua nyingine waliiteremsha kwa kamba juu ya jabali. Wengine waliingia majini kifuani, wakashikana mikono ili kuwadaka walioogelea. Mwishowe mashua yenye injini, iliyokuja usiku gizani kutoka Tynemouth, ilifika tarehe 1 Novemba na kuwachukua 50 wa mwisho. Waliokufa walizidi 80. Tangu hapo waliokuwa wakibisha kwamba makasia yanatosha walinyamaza.

Nilisimama hapo juu siku ya shwari. Maji yalikuwa yamekupwa, na mwamba ulionekana karibu kiasi kwamba mtoto mwenye mkono mzuri angedhani anaweza kuupiga jiwe.

Upande wa magharibi sikukaa sana. Huko kuna tao la mifupa ya taya la nyangumi, ukumbusho wa miaka ya tangu 1753 ambapo meli za Whitby zilikwenda kuwinda nyangumi katika bahari za barafu. Mifupa iliyopo sasa ililetwa kutoka Alaska mwaka 2003, ile ya zamani ilipochakaa. Huko pia mwandishi Bram Stoker alipanga chumba mwaka 1890, akapata mawazo ya kitabu chake cha mnyonya damu, Dracula, kilichotoka mwaka 1897. Kwa sababu ya kitabu hicho, tangu 1994 watu wamekuwa wakikusanyika mjini wamevaa nguo nyeusi toka kichwani hata miguuni, nyuso zimepakwa poda. Wana adabu sana na hununua samaki wengi.

Samaki ndio chakula cha hapa. Hukaangwa katika uji wa ngano, huliwa na viazi na siki, nje, huku umelinda sahani yako: shakwe wa Whitby ni wezi hodari kuliko kunguru wa Mombasa. Wapo pia samaki wa kukaushwa kwa moshi, ambao kwa mtu aliyezoea ng'onda au samaki wa kubanika hawana ugeni. Wavuvi wenyewe sasa hutegemea zaidi kaa na kambakoche. Mwezi wa Oktoba 1921 haukumbukwi na mtu, ila Oktoba 2021 wote wanaukumbuka: kaa na kambakoche kwa maelfu walitupwa na bahari wakiwa wafu au wanakufa katika pwani hiyo. Wavuvi wengi waliilaumu kazi ya kuchimbua matope katika mlango wa mto Tees. Jopo la wataalamu lililotoa ripoti Januari 2023 halikuweza kutaja sababu moja ya hakika. Ubishi haujesha.

Nilipokuwa nikinunua kaa kwa mama mmoja muuza samaki kando ya mto, nilimwuliza kama watoto wake nao ni wavuvi. Akaniambia kwamba mwanawe ni mvuvi kweli, lakini haishi Whitby. Hulala mji mwingine na kuja kwa gari alfajiri, kwa kuwa hapa hakupata nyumba ya kupanga. Kisha akanionyesha kwa kidole kichochoro nyuma yangu. Kando ya kila mlango palikuwa na kisanduku kidogo chenye tarakimu. Humo hutiwa ufunguo, ili mgeni wa wiki moja afike, abonyeze namba, aingie, bila ya kumwona mwenyeji. Nyumba ya kwanza ilikuwa nacho, ya pili nacho, ya tatu nacho. Hizo ndizo nyumba walimokaa wavuvi waliowaokoa watu wa Rohilla.

Jambo hili si la mama huyo peke yake. Mwezi wa Juni 2022 watu wa Whitby waliitisha kura ya mji, wakaulizwa kama nyumba mpya zitakazojengwa ziuzwe kwa watu watakaoishi humo mwaka mzima tu. Katika kila wapiga kura kumi, zaidi ya tisa walisema ndiyo. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya sheria. Toka Aprili 2025 halmashauri ya North Yorkshire imewatoza wenye nyumba za pili kodi maradufu, ingawa mwenye nyumba anayeiandikisha kuwa biashara ya kupangisha wageni huhesabiwa katika kodi nyingine. Aliyewahi kutembea Lamu na kuuliza nyumba kongwe ya mawe ni ya nani siku hizi, na wajukuu wa aliyeijenga wanakaa wapi, ameshaujua ugomvi huu.

Mji wataka wageni. Bila wao maduka yangefungwa, na huyo mama angemwuzia nani kaa? Lakini kuna mgeni anayekaa barazani, na kuna mgeni anayekaa katika chumba cha mtoto wa nyumba. Ndiyo maana nasema juu ya hema. Hema halimhamishi mtu. Kambi niliyokaa mimi haikuwa nyumba ya mvuvi hata siku moja, na fedha nilizobakiza kwa kutopanga chumba nilizitumia mjini, katika mkate, samaki, viingilio vya makumbusho, na kisanduku cha michango cha mashua ya uokozi, ambayo mpaka leo huendeshwa zaidi na watu wa kujitolea.

Afikaye Whitby kwa reli atapanda gari kutoka Middlesbrough, lipitalo bonde la Esk. Garimoshi la mvuke hutoka Pickering katika miezi ya kiangazi, sehemu kubwa kwa njia iliyofunguliwa mwaka 1836, ambapo mabehewa ya kwanza yalivutwa na farasi. Reli ya pwani ya kwenda Scarborough ilifungwa mwaka 1965, na sasa ni njia ya baiskeli na miguu, yenye urefu wa kilomita kama 34. Hupita juu ya daraja la matofali lenye matao 13, na ukiwa juu yake waziona mashua zote zilizofungwa mtoni. Nenda jioni, wakati maji yajaa, ndipo wavuvi wanaporudi.